Brandi ya Kwenye Keki Huishia Wapi?

*Shangazi, ninaoka keki nyumbani hapa Morogoro, za harusi, sendofu na ubatizo. Mwezi uliopita nilipeleka keki ya matunda kwenye sendofu. Zabibu niliziloweka kwenye mililita 150 za brandi, keki ikakaa ovenini saa moja na nusu, kisha nikawa nainyunyizia vijiko vikubwa vinne vya brandi kila wiki kwa wiki tatu, kama nilivyofundishwa, ili iwe laini na isiote ukungu. Mjomba wa bibi harusi, ambaye ameacha pombe huu mwaka wa tatu, alitema tonge la kwanza. Akaniita, akaniuliza kama nimetia pombe. Nikamjibu kwamba pombe yote hukauka kwenye moto. Hakuniamini, na tangu siku hiyo familia ile hawapokei simu zangu. Je, nilisema uongo?*
*Mwokaji, Morogoro*

Mwanangu, hukukusudia kudanganya, lakini ulichomwambia mjomba si kweli, na ni vizuri ukijue kabla hujapokea oda nyingine.

Maneno hayo yamezagaa majikoni kwa sababu yana nusu ya ukweli. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, maji kwenye 100, basi watu wanaona oveni ya nyuzi 160 itakimaliza chote mapema. Ila kilevi kikishachanganyika na maji ya mayai, maziwa na matunda hakijitengi kikatoka peke yake. Hutoka pamoja na mvuke wa maji, kidogo kidogo. Tena katikati ya keki hapafikii joto la oveni. Hata ikiiva, ndani haivuki nyuzi 100, na juu imeshashika gamba linalozuia mvuke. Wewe mwenyewe hujivunia keki yenye unyevu. Unyevu huo ukibaki, na sehemu ya kilevi hubaki nao.

Idara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la kiasi kinachobaki kwenye chakula kilichochanganywa na pombe kikaokwa au kutokoswa. Baada ya dakika 15 bado kuna asilimia 40 ya kilevi ulichotia. Nusu saa, asilimia 35. Saa moja, asilimia 25. Saa moja na nusu kama yako, asilimia 20. Hata ukifika saa mbili na nusu, bado kuna asilimia 5. Hayo ni makadirio. Chombo kipana hupoteza zaidi kuliko chembamba kirefu. Lakini sifuri haimo.

Sasa tuipigie hesabu keki yako. Brandi ya asilimia 40, mililita 150, ina mililita 60 za kilevi kitupu. Ikitoka ovenini zimebaki kama 12. Ukiikata vipande 40 vya sherehe, kila kipande kina kilevi cha bia inayozidi kidogo tu kijiko cha chai. Ungeishia hapo, hata mimi ningesema ni kidogo.

Hukuishia hapo. Vijiko vinne kwa wiki tatu ni mililita 180 nyingine, yaani mililita 72 za kilevi ambacho hakikuuona moto kabisa. Tuseme theluthi moja hivi imepotea hewani ulipokuwa ukifungua na kufunga foili. Bado zimebaki kama 50. Jumla keki ilifika ukumbini na kilevi cha bia mbili na nusu za nusu lita, na kila kipande kikabeba sawa na vijiko viwili vikubwa vya bia. Waokaji wengi huulizana keki imekaa ovenini muda gani, wakati sehemu kubwa imeingia baada ya oveni kuzimwa.

Kipande kimoja hakimleweshi mtu mzima. Lakini mjomba hakulalamika kwamba amelewa. Mtu aliyeacha pombe hupigana na harufu na ladha yake kila siku, na wewe ulimwekea ladha hiyo mdomoni bila kumwambia. Alivyotema alijilinda, na mimi nampa heshima kwa hilo. Wapo pia wanaopewa disulfiramu, dawa ya kuwasaidia kuacha. Hao hata kiasi kidogo kinaweza kuwatapisha na kuwaendesha moyo mbio. Aliye kwenye dozi ya metronidazole, ile wengi tunaiita Flagili, huonywa asiguse kilevi mpaka siku chache baada ya kumaliza. Mjamzito hana kiwango cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama. Na watoto kwenye sendofu hawali kipande kimoja, unawajua.

Kwa wateja wako Waislamu, na Wasabato, na walokole wengi, usijaribu kuwatetea kwa asilimia. Wengi wao hawaulizi kimebaki kiasi gani; wanauliza kama kilitiwa. Jibu la swali hilo unalo wewe peke yako, na unadaiwa ulitoe kabla ya kupokea pesa ya kutanguliza. Andika kwenye oda, na ubandike kwenye boksi: keki hii ina brandi. Msambaza sahani ukumbini naye aambiwe.

Mjomba usimtumie ujumbe wa simu. Nenda nyumbani kwake, au umwombe mzazi wa binti akutangulie, umwambie kwamba ulichomjibu hakikuwa sahihi na kwamba alikuwa na haki ya kujua. Usiende na keki.

Oda ijayo ya mteja asiyetaka pombe, loweka zabibu usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyokolea, yenye iliki, mdalasini na ganda la chungwa, kisha uzichuje vizuri. Juisi ya machungwa freshi nayo hufaa, ila punguza sukari ya keki. Ladha ya moto ya brandi hutaipata, na mteja aambiwe hivyo; atapata viungo na tindikali ya chungwa, ambavyo kwa ulimi wangu vinakaa vizuri zaidi na zabibu. Kitakachobadilika zaidi ni muda. Brandi ilikuwa inazuia ukungu, chai haiwezi. Kwa hiyo keki hii usiioke wiki tatu kabla. Ioke siku mbili kabla ya shughuli, iache ipoe kabisa ndipo uifunge, na kwa joto la Morogoro iweke kwenye friji mpaka asubuhi ya kupamba.