Akili Bandia Chuoni: Asilimia si Ushahidi



Tuseme dada yetu wa mwaka wa pili amekesha siku tatu akiandika insha kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu au ya nne. Mhadhiri anaipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi ya akili bandia, nayo inatoa asilimia 78. Dada anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Je, namba ile inatosha kumhukumu?

Vyuo vikuu vingi vilianza kwa kukataza. Januari 2023, Sciences Po ya Paris ilizuia wanafunzi kutumia ChatGPT bila kuitaja, isipokuwa kwa kazi maalumu chini ya mwalimu. Lakini katazo linahitaji mlinzi, na mlinzi aliyekuwa karibu ni hizo programu za utambuzi. Programu hizi hazikuona nani aliandika. Nyingi hupima jinsi maneno yanavyotabirika. Anayeandika kwa msamiati wa kawaida na sentensi nyepesi, kama wengi wetu tunavyoandika Kiingereza, anaonekana kama mashine.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilijaribu jambo hili mwaka 2023. Walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye programu saba. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha zile, yapata asilimia 61, zilitajwa kuwa ni kazi ya mashine. Mwaka huo huo OpenAI, wenye ChatGPT yenyewe, waliiondoa programu yao ya utambuzi kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilipiga hesabu. Kampuni ya Turnitin ilidai kwamba programu yake hukosea mara 1 katika 100. Ni kidogo, utasema. Lakini Vanderbilt ilikuwa imepitisha kazi 75,000 kwa Turnitin mwaka 2022. Asilimia moja ya hizo ni kazi 750 za watu wasio na hatia. Agosti 2023 chuo kikaizima huduma hiyo. Huku Afrika, Chuo Kikuu cha Cape Town kiliamua kuacha programu hizo kuanzia Oktoba 2025. Chuo Kikuu cha Sydney kimegawa mitihani njia mbili: ile inayosimamiwa ana kwa ana, ambapo akili bandia hairuhusiwi bila idhini, na kazi za wazi, ambapo inaruhusiwa. Kwa maoni yangu huu ndio utaratibu wa kweli zaidi, kwa sababu haukatazi kile usichoweza kukiona.

Sitetei udanganyifu. Anayewasilisha kazi ya mashine kwa jina lake amevunja amana, programu imkamate isimkamate. Lakini Suratul Hujurat inatuamuru tuhakiki habari tusije tukawadhuru watu bila kujua, na asilimia ya programu ni habari tu.

Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na maneno mazuri. Waliuliza yamepita kwa nani. Basi kazi yako nayo iwe na isnadi. Hifadhi rasimu ya kwanza hata kama inakutia aibu. Andika kwenye programu inayotunza historia ya mabadiliko. Weka maelezo uliyoyaandika kwa mkono maktabani (picha ya simu inatosha). Ukiitumia akili bandia, taja uliitumia wapi na kwa lipi.

Kama mhadhiri hakusema lolote kuhusu akili bandia, usichukulie kimya chake kuwa ruhusa. Muulize kwa barua pepe wiki ya kwanza ya muhula: kusahihisha sarufi kunaruhusiwa? Kutafsiri je? Kutafuta vitabu? Jibu lake litunze pamoja na rasimu zako. Na ukiitwa kwenye kamati, nenda na vyote, kisha uombe kwa adabu kuelezwa ni ushahidi gani mwingine walio nao zaidi ya ile asilimia.