Kabla Hujalipa Hela ya Jimu: Soma, Uliza, Ndipo Usaini

Somo la leo mmelileta wenyewe. Nilikuwa Dumila, kwenye shule moja ya sekondari, tunazungumza habari za presha na kisukari. Kijana mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono: "Dada, mimi nikimaliza shule nakwenda Morogoro mjini, nataka nijiunge na jimu. Nitajuaje kama siibiwi?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana mwenzenu niliwahi kuibiwa.

YALIYONIKUTA

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mama yangu aligundulika ana presha. Daktari akatushauri familia nzima tupunguze chumvi na tufanye mazoezi. Nikaingia jimu ya jirani na hosteli. Bei ilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, lakini kulikuwa na ofa: ukilipa miezi mitatu kwa mkupuo, 90,000. "Ofa inaisha leo jioni, dada," wakaniambia.

Hela niliyokuwa nayo ilikuwa ya chakula. Nikatoa. Nikapewa karatasi mbili za Kiingereza nikasaini bila kusoma, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na watu wanasubiri na niliona aibu kuwachelewesha. Risiti sikudai, nakala sikuomba.

Mwezi wa kwanza ulipoisha, nikakuta kufuli mlangoni. Mwenye jimu kahamia mbali, upande wa pili wa mji. Nilipompata akanijibu: "Hela ikishaingia hairudi." Muhula ule nilikula mihogo mpaka nikaichukia.

Sasa sikilizeni. Mwenzangu mmoja alijiunga wiki ileile, lakini yeye alidai nakala na risiti. Ukurasa wa pili ulisema wazi kwamba jimu ikifungwa au ikihama, mwanachama atarudishiwa hela ya miezi iliyobaki. Akaandika barua, akaambatanisha vivuli vya karatasi zote, akarudishiwa 60,000 yake. Mimi nilisaini karatasi ileile. Haki nilikuwa nayo, ushahidi sikuwa nao.

KWANZA JIULIZE: NAIHITAJI KWELI?

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki yawemo ya kuimarisha misuli na mifupa. Halisemi yafanyike jimu. Mpira, netiboli, kuruka kamba, kuendesha baiskeli, kulima na kubeba ndoo za maji vyote vinahesabika. Vikundi vya kukimbia asubuhi vipo sehemu nyingi nchini. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza wananchi wafanye mazoezi kwa pamoja Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Barabara haina kiingilio.

Kwa hiyo jimu ni nyongeza tu. Ukiona unaihitaji, ichague kwa akili.

IKAGUE KWA MACHO YAKO

Nenda saa ileile utakayokuwa unafanya tizi. Ukienda saa nne asubuhi utakuta ukumbi mtupu, kumbe jioni watu watano wanagombea chuma kimoja. Omba ufanye siku moja kwa malipo ya siku kabla ya kulipa mwezi. Tazama haya:

• Vyuma viko salama? Hata vya saruji iliyomiminwa kwenye makopo vinafaa, mradi bomba halijapinda na saruji haijapasuka.
• Kuna hewa, maji, choo safi na sanduku la huduma ya kwanza?
• Kocha anakuuliza afya yako kabla hujaanza? Mwenye pumu, kifafa, selimundu au tatizo la moyo apate kwanza ushauri wa daktari.
• Kocha ana adabu? Kukuelekeza namna ya kushika chuma ni kazi yake. Kukushikashika si kazi yake. Dada au kaka, ukiona hivyo ondoka na umwambie mtu mzima unayemwamini.
• Wanauza vidonge au sindano za "kujaza mwili"? Hapo usirudi. Baadhi zina homoni zinazoweza kuharibu ini, kusinyaza korodani na kusimamisha urefu wa kijana anayekua.

MKATABA NI NINI?

Mkataba ni makubaliano ambayo sheria inayatambua. Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mambo manne ya kukumbuka:

1. Umri. Lazima uwe umefikisha miaka 18 na uwe na akili timamu. Ukiwa na miaka 16, saini yako peke yako haifanyi mkataba. Mzazi au mlezi ndiye aingie mkataba. Mtu anayekwambia "we saini tu" anatafuta hela yako, basi.

2. Hiari. Ukikubali kwa kutishwa au kwa kudanganywa, sheria inakupa nafasi ya kuukataa mkataba huo.

3. Maneno ya mdomo. Nayo yanaweza kuwa mkataba. Ugumu wake ni kuyathibitisha. Ukiahidiwa kocha wa kila siku, sema: "Naomba uandike hapo."

4. Fidia. Upande mmoja ukivunja mkataba, upande uliopata hasara una haki ya kudai fidia. Inakuhusu na wewe pia ukivunja.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KALAMU

• Jumla nitalipa kiasi gani, pamoja na kiingilio?
• Mkataba unaisha lini? Usipofutwa, unajiendeleza wenyewe?
• Nikitaka kujitoa, natoa taarifa siku ngapi kabla?
• Nikiugua au nikihama, hela inarudi? Inaweza kusubiri?
• Mkifunga au mkihama, itakuwaje?
• Nikiumia kwa sababu ya vifaa vibovu, nani anawajibika?
• Nakala yangu na risiti viko wapi?

Kama karatasi ni ya Kiingereza na huelewi, omba ya Kiswahili au nenda nayo nyumbani ukasomewe. Ukiambiwa haruhusiwi mtu kuondoka nayo, umeshapata jibu. Na "ofa inaisha leo" isikukimbize. Hata kwenye soko la Dumila hununui tenga la nyanya bila kuangalia za chini.

UKIDHULUMIWA

Anza kwa kuzungumza na mhusika kwa upole. Asipokusikia, mwandikie barua: eleza ulilipa lini, kiasi gani, umekosa nini na unadai nini. Mpe tarehe ya kujibu, na ubaki na nakala. Ikishindikana, nenda kwa mtendaji wa kata au kwa wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kama ulidanganywa kwa matangazo ya uongo, ipo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Madai madogo ya fedha unaweza pia kuyapeleka Mahakama ya Mwanzo. Kijana aliye chini ya miaka 18 aende na mzazi au mlezi.

JIPIME

1. Una miaka 17. Jimu inataka usaini mkataba wa mwaka mzima leo. Utafanyaje?
2. Uliahidiwa kocha kwa mdomo. Kwenye karatasi hayumo. Utasema nini kabla ya kusaini?
3. Ulilipa 90,000 kwa miezi mitatu. Jimu imefungwa baada ya miezi miwili, na mkataba unasema hela ya miezi iliyobaki inarudi. Unadai kiasi gani?

Majibu: (1) Usisaini; rudi na mzazi au mlezi asome kwanza. (2) "Naomba iandikwe." (3) Shilingi 30,000, ukiwa na risiti na nakala mkononi.

Jadilini darasani kwenye vikundi. Na yule kijana wa kidato cha nne, asante kwa swali. Mama yangu sasa anatembea kila asubuhi mpaka kisimani na kurudi, na halipi hata senti.