Maumivu ya Muundi na Sindano za Kichina

Madaktari wa Kichina walianza kazi Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Miongoni mwa tiba za kwao ni kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa. Je, sindano hizo zamfaa mwanafunzi wa Kilwa au Lindi ambaye muundi humuuma baada ya mbio?

Maumivu hayo hutokana na mishindo mingi ya mguu pasipo mapumziko. Tabibu huchoma mahali paitwapo Zusanli, vidole vinne chini ya goti, upande wa nje wa muundi. Kwa nadharia ya Kichina, hufungua njia za nguvu ya uhai, yaani qi. Kwa fiziolojia, huchochea neva, na ubongo hutoa kemikali zitulizazo maumivu.

Lakini kutuliza si kuponya. Bonyeza muundi kwa kidole. Maumivu yakitanda sehemu ndefu, kwa kawaida mapumziko ya majuma kadhaa hutosha. Yakiwa mahali pamoja tu, huenda mfupa umepata ufa: mwanafunzi huyo asikimbie, hata sindano ikimtuliza, mpaka apimwe hospitali.