Kitindamlo cha Kakao na Parachichi, Bila Kuoka

Kyela, mkoani Mbeya, karibu na Ziwa Nyasa, ni kitovu cha kilimo cha kakao nchini Tanzania. Wakulima huchachusha mbegu kwa siku kadhaa, wakazianika juani, kisha nyingi husafirishwa kwenda nje.

Dukani kuna bidhaa mbili zinazochanganywa. Unga halisi wa kakao ni mchungu. Chokoleti ya kunywa huwa na sukari, na mara nyingi maziwa ya unga. Tofauti huonekana kwenye pakiti: kiambato kinachotajwa kwanza ndicho kilichotiwa kwa wingi zaidi.

Kitindamlo hiki hutaka unga halisi. Hakina maziwa, mayai wala asali, hivyo kinamfaa asiyekula chochote kitokanacho na wanyama, na hata mtu ambaye maziwa humjaza gesi tumboni.

Mahitaji (watu 6)

Maparachichi 2 yaliyoiva, ndizi mbivu 1, tende 8, vijiko vikubwa 4 vya unga wa kakao, nusu kikombe cha tui zito na chumvi kidogo sana.

Namna ya kutengeneza

Jiko huwashwa kwa ajili ya maji na tui tu. Tende hutolewa kokwa na kulowekwa dakika 15 katika maji yaliyochemka. Tui huchemshwa huku likikorogwa lisikatike, kisha huachwa lipoe. Vyote husagwa kwenye blenda mpaka rojo liwe laini na kung'aa. Asiye na blenda hutwanga tende kwenye kinu kisafi na kuponda parachichi kwa uma.

Rojo hukaa kwenye friji saa 2. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana hutoka limeshika.

Usafi

Keki ikiokwa, joto huua vijidudu vingi. Hapa kazi hiyo haifanywi na tanuri, kwa hiyo kila mkono na kila chombo ni lazima kiwe safi. Mikono huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Parachichi nalo huoshwa kabla ya kukatwa, ingawa ganda haliliwi, kwani kisu hupitisha uchafu wa nje hadi kwenye nyama ya tunda. Visu vya blenda hufunguliwa na kusuguliwa upande wa chini, mahali mabaki hujificha.

Friji iwe na nyuzi 5 au chini yake. Bakuli lililokaa nje zaidi ya saa 2 halirudishwi. Wakati wa joto kali, saa 1 inatosha kulitupa.

Sukari na watoto

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikibaki chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko 6 vya chai kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Utamu wa hapa ni wa tende na ndizi, lakini mwenye kisukari bado huuhesabu katika mlo wake.

Wengi hupenda kunyunyizia karanga juu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 zisagwe, maana nzima humpalia. Hatari nyingine ni sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu: mwaka 2016 iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na karanga pia huweza kuwa nayo. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi hutupwa. Kuzikaanga hakuimalizi sumu hiyo.