Mhina Katika Bustani Zetu

Mwezi huu tujifunze habari za mti ambao wengi wetu twaujua kwa rangi yake tu, nao ni mhina. Wataalamu huuita Lawsonia inermis, jina ulilopewa na Linnaeus mwaka 1753. Si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Umetajwa pia katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 1, kwa habari ya En-gedi. Na kinachosifiwa pale ni kichala chake, si rangi. Aliyewahi kupita karibu na mhina uliochanua jioni hatauliza kwa nini.

Hapa Ruangwa mvua zikiisha kukoma, miezi ya kiangazi ni mingi. Bustani inayotaka ndoo mbili kila jioni ni mzigo juu ya kichwa cha mama au binti, nasi hatuoni haki katika uzuri wa namna hiyo. Mhina ukishashika mizizi huvumilia ukame na udongo hafifu. Usichokipenda ni maji yaliyotuama.

Mbegu zake ni ndogo mno na hazina haraka. Hulowekwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku, ndipo husiwa. Kutumia matawi ni rahisi zaidi: kata vipande vilivyokomaa, unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, uvifukie zaidi ya nusu mvua zinapoanza. Kwa ua, acha kama sentimeta 50 kati ya shina na shina. Matawi ya zamani huota miiba, basi ua hujilinda wenyewe. Kiangazi cha kwanza umwagilie kidogo. Upogoe baada ya kuchanua, kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha za matawi machanga.

Tena liko jambo la hatari. Hina ya majani hutoa rangi ya machungwa iendayo wekundu, wala haitoi nyeusi. Ile nyeusi ikoleayo upesi mara nyingi imetiwa dawa ya kupaka nywele, nayo huweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Aliyedhurika nayo mara moja aweza kudhurika zaidi akipakwa tena, hata kichwani. Mwenye mhina uani huchuma majani, huyakausha kivulini, huyatwanga, huchekecha unga na kuukanda kwa maji ya ndimu. Hata hiyo wasipakwe watoto wachanga, maana wapo wanaozaliwa na upungufu katika damu ambao hina huuchokoza.