Kereng'ende Msafiri na Daraja la "Wasiwasi Mdogo"

Jumapili moja ya kiangazi tulikuwa tumekaa kwenye majani ya bustani ya Elisabeth hapa Koekelberg, ile Basilika mbele yetu, mara kereng'ende akatua kwenye chupa yetu ya maji. Mwenzangu wa Mombasa akasema, "Huyu katoka kwetu!" Tukacheka, lakini kwa kuwa mimi ndiye nasoma baiolojia, ikabidi nijibu.

Wa kwetu ni yule wa manjano anayejaa pwani mvua za vuli zikianza, ambaye utotoni tulimfunga uzi mkiani. Kitaalamu ni Pantala flavescens. Yupo mabara yote isipokuwa Antaktika, ila Ulaya ni nadra. Ana sentimita 5 hivi tu, na anavuka Bahari ya Hindi! Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson aliandika kwamba wale wanaofika Maldivi kila Oktoba wanatoka India kuelekea Afrika Mashariki, wakipanda upepo wa kaskazini-mashariki. Yaani kaskazi, ule ule wa majahazi. Kwenda na kurudi alikadiria kilomita 14,000 hadi 18,000, kwa vizazi 4. Kwa hiyo anayerudi ni kitukuu wa aliyeondoka. Njiani hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na watoto hukomaa majini kwa wiki 6 hadi 9, wakishindana na jua.

Sasa, Orodha Nyekundu ya IUCN imemweka daraja la "wasiwasi mdogo". "Basi yuko salama," akasema mwenzangu. Jamani, jibu hilo hilo liliwahi kuninyima alama kwenye mtihani. Daraja linapima hatari ya spishi nzima kutoweka duniani. Vuli ikiharibika na kereng'ende wasifike Mombasa, daraja linaweza kubaki lile lile.

Tofauti na ndugu yake wa mbali, Amanipodagrion gilliesi, wa vijito vya msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Huyo yuko hatarini kabisa: msitu ule ukienda, naye ameenda. Mwaka 2021 IUCN ilitangaza kuwa kati ya spishi 6,016 za kereng'ende na jamaa zao, asilimia 16 zimo hatarini.

Mwenzangu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wale wa Mombasa, nani anawahesabu?" Sikuwa na jibu. Akasema Novemba atampigia mama yake simu, amwambie siku watakayoingia.