Mafunzo kwa Mafundi: Mguu wa Meza wa Vitovu Viwili

Fundi wa samani, iwe uko Kibuye au Ahero, mguu mwembamba wenye unyayo uliotokeza nje hukerezwa kwa vitovu viwili. Chagua mti mkavu usio na fundo. Tia alama ya kitovu halisi kila ncha. Upande wa unyayo, ongeza cha pili milimita 6 kuelekea kona itakayotazama ndani ya meza.

Kereza unyayo kwenye kitovu halisi. Zima mashine, hamishia ncha hiyo kwenye kitovu cha pili, kisha zungusha kwa mkono kuhakikisha mti haugongi egemeo la patasi. Washa kwa mwendo wa chini, kwani mti sasa utayumba na kuonyesha kivuli pembeni. Kidole kisikaribie kivuli hicho.

Kifundo chembamba kiwe cha mwisho. Kikitangulia, mguu huvunjika na kuruka. Vaa miwani ya kinga, usivae glavu.